Upele wa Masisi Hautokani na Kusahau Majani

Sokoni Sake, Kitchanga au Walikale-Centre hakukosi meza ya dawa za miti. Magamba yamefungwa vifurushi, mizizi imelazwa juu ya gunia, chupa zilizowahi kuwa za maji zimejazwa dawa ya kahawia, na muuzaji ana jibu kwa kila anayesimama: upele, choa, mba, madoa ya uso, kidonda kisichopona. Maneno anayouzia ndiyo yale yale yanayosikika redioni, kanisani na hata katika vikao vya wasomi wa Goma. Kila ugonjwa una jani lake. Wazee walikuwa na ngozi safi kwa sababu walilijua jani hilo. Cha asili hakimdhuru mtu. Na mwishoni huongezwa la nne, kwa sauti ya kulaumu: watoto wa siku hizi wanajikuna kwa sababu mama zao wameacha desturi na kukimbilia vitu vya dukani.

Madai haya yanapendeza masikioni. Yanamheshimu bibi, yanausifu msitu, na hayamgharimu msemaji hata faranga moja. Ila yakikaguliwa moja baada ya jingine hayasimami, na katika Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini ambako vita vimewahamisha watu mara kwa mara, kuyaamini kunawagharimu watoto ngozi zao na mara nyingine uhai wao.

Kuhusu wazee, historia inasema jingine. Ndui iliwatoboa Wakongo nyuso kwa vizazi hadi chanjo ilipoikomesha. Mgonjwa wa mwisho nchini alionekana mwaka 1971. Buba, iliyokuwa ikila ngozi na mifupa ya watoto katika nchi za joto, ilirudishwa nyuma na sindano ya penisilini: kati ya 1952 na 1964 kampeni za Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ziliwatibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46. Funza naye alikuja na meli kutoka Brazil iliyotia nanga Ambriz, Angola, mwaka 1872, na kabla karne haijaisha alikuwa amevuka bara zima hadi pwani ya Bahari ya Hindi, akilemaza vidole vya watu njia nzima. Watu wa zama hizo walikuwa na msitu mpana kuliko wa leo na waganga wa kutosha. Majani hayakuwapungukia. Kilichowapungukia ni chanjo, penisilini na viatu.

Sifa za ngozi ya zamani zinatoka kwa waliobaki hai. Bibi aliyefikisha miaka 80 akiwa na mwili laini yupo, anaonekana, na wajukuu wanamtolea mfano. Ndugu zake waliokufa utotoni kwa surua, ndui au njaa hawana wa kuwatolea mfano. Anayehesabu ushindi wa dawa za zamani kwa kuwatazama waliopona tu, kwa vyovyote atapata ushindi kila mara.

Dai la kwamba cha asili hakidhuru linakanushwa na wavuvi. Kuna kichaka ambacho wataalamu wanakiita Tephrosia vogelii, kinachopandwa sehemu nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki. Majani yake hupondwa yakatiwa katika maji yaliyotulia, na haupiti muda mrefu samaki wanaanza kupanda juu wakihema, vinywa wazi, hadi wanaokotwa kwa mkono. Ndani ya jani mna rotenoni na jamaa zake, sumu zinazozuia seli za mwili kutumia hewa ya oksijeni. Wafugaji hutumia mmea huo huo kuua kupe, na kwa kuwa unaua kupe, umetumika pia kupakwa watu wenye upele. Wazo si la kipumbavu. Mdudu wa upele ni jamaa wa kupe. Shida ni kipimo. Jani halina karatasi ya maelekezo. Watafiti wamegundua kwamba kuna aina ya Tephrosia vogelii isiyo na sumu hiyo kabisa, ingawa kwa macho ni vigumu kuitofautisha na nyenzake. Kwa hiyo mzazi anayeponda majani ya ua wa jirani hajui kama anampaka mtoto wake maji matupu au dawa inayoua samaki wa kidimbwi kizima.

Mifano haiishii hapo. Kitunguu saumu kibichi kikipondwa na kufungwa juu ya ngozi ya mtoto kwa saa kadhaa kinaunguza kama maji ya moto, na hospitali za nchi nyingi zimeandika kesi za namna hiyo. Maji ya ndimu yakipakwa usoni kisha mtu akashinda juani huacha malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki au miezi, kwa sababu ndani yake mna kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Kinyesi cha ng'ombe na majivu yanayowekwa kwenye kitovu cha mtoto mchanga hubeba vijidudu vya pepopunda. Vyote hivi ni vya asili.

Na wafanyabiashara wameshajua kwamba neno "asili" linauza. Krimu za kujichubua zinazofika masoko ya Kivu hupenda kuvaa picha ya karoti, papai au ndimu kwenye kopo. Krimu nyingi za aina hiyo, zilipopimwa maabara katika nchi mbalimbali, zilikutwa na haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za jamii ya kotisoni. Anayezipaka kwa miaka huishia na ngozi nyembamba yenye michirizi, kidonda cha operesheni kisichoshika uzi, na wakati mwingine figo zilizoharibiwa na zebaki. Karoti ya kwenye picha haikuhusika popote.

Lakini hasara kubwa zaidi ya imani hii haimo katika sumu. Imo katika muda unaopotea.

Ngozi ni mahali magonjwa ya ndani yanapojionesha, na jani linalopakwa juu linaweza kuficha kinachosemwa. Mtoto analetwa ana madoa meusi mapajani yanayobanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, nywele zimekuwa nyepesi na za rangi ya kutu, uso umenenepa. Jirani anasema ni mzio, mwingine anasema ni mwiko uliovunjwa, na mganga anamwandalia maji ya kuogea yenye majani. Muuguzi anafanya jambo jingine. Anabonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, anahesabu sekunde tatu, anaachia. Kishimo kikibaki pale kidole kilipokuwa, na mguu wa pili ukawa hivyo hivyo, basi huo ni utapiamlo mkali, kwashakoo, ambao Kivu unajulikana kama bwaki. Madaktari wa Lwiro, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947 upande wa Kivu Kusini, waliuchunguza kwa miongo kadhaa. Mtoto huyo anahitaji maziwa ya tiba, uji uliopimwa, baadaye pakiti za siagi ya karanga iliyoongezwa vitamini na madini, na dawa ya kuzuia maambukizi. Kila siku anayoogeshwa majani ni siku ya chakula iliyokosekana.

Ukoma nao huanza kama baka lisilouma, jeupe kidogo au jekundu, ambalo mtu hahisi hata akiguswa na manyoya. Dawa zake za mseto zipo tangu 1981 na hutolewa bure duniani kote tangu 1995. Aliyezianza mapema hupona akiwa na vidole vyote. Aliyelipaka baka hilo magamba ya mti kwa miaka mitatu hupona pia, ila mkono uliokwisha kupinda haurudi.

Kisha kuna mpox, iliyotambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970 huko Basankusu, mkoa wa Equateur. WHO ilipotangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya Goma zilikuwa tayari na wagonjwa. Chanjo ya kwanza nchini ilidungwa Goma tarehe 5 Oktoba mwaka huo. Vipele vya mpox vikidhaniwa kuwa ni tetekuwanga au upele wa kawaida, mgonjwa atakandwa na shangazi, ataogeshwa na dada, atalala na watoto wengine mkeka mmoja. Katika hali hiyo jani halimdhuru mgonjwa peke yake. Mikono inayolipaka hubeba ugonjwa kwenda nyumba ya pili.

Linabaki lile dai la lawama, kwamba upele umeenea kwa sababu mama wameacha desturi. Hili ndilo linalostahili kupingwa kwa nguvu zote, kwa sababu linamhukumu mtu asiye na kosa.

Upele husababishwa na kijidudu kisichoonekana vizuri kwa macho. Jike hujichimbia njia ndani ya ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mgonjwa wa kawaida huwa na wadudu kama 10 hadi 15 tu mwilini, lakini kuwashwa kunakesha naye usiku kucha. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita bila dalili, na muda wote huo anaambukiza. Mdudu huhama kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda, yaani kwa kulala pamoja. Akiwa nje ya mwili hufa ndani ya siku mbili tatu. WHO, iliyouweka upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, inakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 wanao.

Ukishajua hayo, tazama maisha ya familia ya Masisi tangu vita vya waasi wa M23 viliposhika moto upya. Mapema 2024, mapigano yalipofika Sake, maelfu walimiminika Bulengo, Lushagala na kambi nyingine, wakajenga vibanda vya vijiti na turubai juu ya mawe ya volkano. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yenyewe yameviweka, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za mahali pa kulala, lita 15 za maji kwa siku, na gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mwezi. Katika vibanda vile watu walilala wamebanana, blanketi moja kwa watoto watatu au wanne, na foleni ya maji ilianza alfajiri. Goma ikaanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kambi zikabomolewa mwezi Februari, na wengi wakarudi Masisi kwenye vijiji ambako nyumba hazikuwepo tena. Mwezi Machi vita vikafika Walikale-Centre, na watu wa huko nao wakaingia msituni.

Mama wa namna hiyo hakuacha desturi yoyote. Alinyang'anywa nyumba, chombo cha kuchotea maji, shamba la maharage na nguo ya kubadilisha. Hata angekuwa na kapu zima la majani yaliyobarikiwa na wazee wote wa Wahunde na Wanyanga, mtoto atakayetibiwa leo ataambukizwa tena usiku wa leo na ndugu anayelala ubavuni mwake. Ndiyo maana tiba ya upele ina sharti moja lisilojadiliwa: nyumba nzima itibiwe siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna. Losheni ya benzoati ya benzili au krimu ya permethrini hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kiunoni, na hurudiwa baada ya siku kadhaa kama muuguzi atakavyoelekeza. Nguo na blanketi hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Pasipo kuni wala maji ya ziada, hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku tatu ili wadudu wafe. Hili la mfuko halihitaji fedha, na wahamasishaji wa afya vijijini, wanaojulikana kama reko, wanaweza kulifundisha kwa dakika tano.

Je, basi mimea haina kazi? Inayo, na anayeitetea kwa haki anapaswa kuitetea kwa yale iliyoyathibitisha.

Walikale ni nchi ya michikichi. Mawese yakishakamuliwa, kokwa zinazobaki huanikwa hadi zikauke, zikapasuliwa kwa jiwe moja juu ya jingine, na kiini kikakaangwa kwenye sufuria hadi kiwe cheusi na kuanza kutoa jasho. Kisha hutwangwa, huchemshwa na maji, na mafuta ya mise yanayoelea huenguliwa kwa kijiko, ya kahawia na yenye harufu ya moshi. Kwa kumpaka mtoto baada ya kuoga, katika baridi kavu ya milima ya Masisi, mafuta hayo yanafanya kazi inayofanywa na krimu za kopo: yanazuia maji yasitoke mwilini kupitia ngozi. Thamani ya mafuta ya mimea kwa ngozi changa imepimwa. Katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini pungufu kwa asilimia 41, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, na tangu 2022 WHO inakubali mafuta yafikiriwe katika kuwatunza watoto waliozaliwa na uzito mdogo.

Asali ya msituni pia ina ushahidi. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2015 ilikuta kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina hupona siku nne hadi tano mapema zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Huko Banjul, Gambia, wauguzi wa hospitali ya Royal Victoria walitumia papai lililopondwa kusafisha vidonda vya moto vya watoto, na njia hiyo ikaandikwa katika jarida la kitabibu mwaka 1999. Nchini Madagascar, dawa ya kupaka yenye mafuta ya nazi, jojoba na shubiri iliwakinga wanakijiji na funza kwa kiwango kikubwa, ilipopakwa miguuni mara mbili kwa siku. Mmea wa umuravumba, unaojulikana kwa kila anayezungumza Kinyarwanda Masisi, ulichunguzwa na watafiti wa Butare, Rwanda, na mwaka 1986 walichapisha kwamba kiini chake kinazuia bakteria na kuvu maabara.

Tazama pia pareto, ua lililolimwa kwenye udongo wa volkano wa Kivu Kaskazini tangu ukoloni. Sumu yake huua wadudu lakini huharibika upesi ikipigwa na jua. Mwaka 1973 wanakemia wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, waliiga umbo lake wakatengeneza permethrini, isiyoharibiwa na mwanga kirahisi. Dawa ya dukani inayopakwa upele leo ni mjukuu wa ua la shambani. Wanaogombanisha majani na hospitali hawajaona kwamba majani yaliyofaulu mtihani yalishaingia hospitalini.

Linganisha mifano hii na meza ya sokoni. Mingi yake ina ugonjwa wake, kipimo chake, mahali pake pa kupakwa, na watu waliohesabu nani alipona na nani hakupona. Hakuna hata mmoja unaotibu kila kitu. Asali yenyewe, inayosaidia jeraha la moto, hairuhusiwi kulambwa na mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Watetezi wa majani wana hoja moja nzito, na haifai kuipita kimya. Wanasema: kituo cha afya kiko mbali, njia ni ya pikipiki au miguu, kuna kizuizi cha wenye silaha, na ukifika dawa zimekwisha. Hoja hii ni ya kweli kabisa. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu ukubwa wa Rwanda nzima, na barabara zake ni chache. Hospitali kuu ya Masisi imekuwa ikitegemea msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba dawa haifiki. Haithibitishi kwamba jani linatosha. Kuchanganya mambo hayo mawili kunawafaa sana wale wenye wajibu wa kufikisha dawa, kwa sababu watu walioshawishika kwamba msitu umewapa kila kitu hawaulizi lori la dawa limekwama wapi.

Waganga wa kienyeji wenyewe wanaweza kuwa msaada mkubwa. Ndio wanaofikiwa kwanza, wanaaminiwa, na mara nyingi ndio pekee waliobaki kijijini wauguzi walipokimbia. Wafundishwe dalili chache za kuwapeleka wagonjwa mbele bila kuchelewa: kishimo kinachobaki mguuni, baka lisilohisi, vipele vinavyokuja na homa na uvimbe wa tezi, kidonda cha mtoto mchanga. Waachiwe mafuta ya mise, asali na papai kwa kazi zinazojulikana. Na waache kuuza chupa moja kwa magonjwa kumi.

Mengine yote hayamo mikononi mwa mganga wala mwa mama. Lita 15 za maji kwa siku, gramu 250 za sabuni kwa mwezi, losheni ya upele ya kutosha nyumba nzima, chakula cha tiba kwa mtoto mwenye bwaki: haya yadaiwe kwa serikali ya Kinshasa, kwa mashirika yanayotoa misaada, na kwa yeyote anayeshika bunduki na kutoza ushuru kwenye barabara za Masisi na Walikale wakati watoto wa pembeni ya barabara hizo hawalali kwa kujikuna.